Penseli Nyuma ya Picha

Mzee aliyenifundisha kazi ya studio kule Tanga alipofariki, familia yake ilitaka picha ya tangazo la gazetini. Mpwa wangu, ambaye anapiga picha za harusi, alikuwa amempiga moja nzuri sana. Akanitumia kwa WhatsApp. Nikamuuliza aliipiga lini.

"Sikumbuki, mjomba. Kwani tarehe ya nini? Sura si inaonekana?"

Swali lile limenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Studio ya mzee ilikuwa chumba kimoja, na nyuma yake chumba cha giza kisichozidi upana wa kitanda. Ukiingia, unapokewa na harufu ya asidi ya siki, kali mpaka machozi. Baada ya wiki mbili niliizoea, kisha nikaipenda. Hadi leo wakifungua chupa ya siki jikoni, naiona taa nyekundu ya chumba kile. Joto la Tanga ndilo lililotutesa. Dawa ya kusafishia filamu inataka nyuzi 20, na utando wa filamu ukilainika kwa joto, picha imekwenda. Kwa hiyo kila asubuhi nilitumwa kwa wauza samaki kununua barafu, tukaizungushia beseni la dawa.

Kazi ambayo mzee hakumwachia mtu ni ya bahasha. Kila negativu aliitia kwenye bahasha yake, juu akaandika namba, jina, tarehe na mahali. Namba hiyohiyo aliiandika nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya karatasi na kuchafua picha iliyo chini yake. Siku moja alikuja mama kutoka Pangani. Mwanawe alikuwa amezama baharini, na picha yake pekee ilikuwa imelowa maji ya mvua. Namba hakuwa nayo. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa kabla ya mfungo, kijana kavaa shati jipya. Mzee akafungua daftari lake la namba, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi jioni. Akaipata. Tukamtolea nakala tatu, na mzee hakutaka hata senti. Nimekuwa nikisimulia kwamba ilikuwa 1978. Daftari linasema 1979.

Baadaye ikaja rangi, zikaja mashine za kusafisha kwa saa moja, na wateja wakaacha kuuliza namba. Kamera za dijitali zilipoingia nilifurahi kwa dhati, maana bahasha ya mzee ilikuwa imeingia ndani ya picha yenyewe. Upo utaratibu wa Exif, wa tangu 1995, ambao kwao kamera huandika tarehe, saa na mipangilio yake ndani ya faili. Zipo nafasi za IPTC za kujaza majina, mahali na mwenye picha. Faili ghafi la kamera, yaani RAW, la biti 14 linabeba viwango 16,384 vya mwanga, wakati JPEG ina 256 kwa kila rangi. Na programu nzuri ya kuhariri huiacha RAW kama ilivyo, ikaandika maelekezo yake pembeni. Hiyo ni negativu kamili.

Na vijana wanaitupa! Mpwa wangu akimaliza kuhariri, anatoa JPEG huku amechagua metadata, yaani maelezo hayo yote, iondolewe, eti faili liwe jepesi, ilhali uzito unaopungua ni mdogo mno. Anafuta RAW apate nafasi kwenye diski. Kisha anatuma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, nayo huibana na kung'oa kilichobaki. Ni kazi ya dakika chache tu: rekebisha saa ya kamera, jaza majina, acha metadata ibaki, tuma kama hati, weka RAW mahali pawili.

Gazeti lilitumia picha niliyompiga mimi zamani. Nyuma yake mzee mwenyewe aliandika kwa penseli namba, jina lake, tarehe, na maneno "mlangoni kwetu". Ya mpwa wangu ni nzuri kuliko yangu, na hakuna ajuaye ilipigwa siku gani.