Nasaha kwa Mpwa Wangu Asukumaye Chuma

Dunda, Bagamoyo
Mwezi wa Shaabani

Kwa mpwa wangu mpenzi, Haruni,

Barua yako imenifikia salama na nimeisoma hadi mwisho, na katika habari zote ulizoniandikia, iliyonishughulisha zaidi ni ile ya kwamba chuma chako cha benchi kimesimama kwenye kilo 90 kwa miezi kadhaa, hakipandi wala hakishuki, ilhali kila Jumatatu unakijaribu kwa nguvu zako zote, na wenzako wa huko Bunju wanakushauri ama uzidishe mazoezi ya kifua, ama, Mungu atuepushe, uchome sindano za dawa za kukuza misuli.

Mimi nimekaa na vijana wanyanyuao vyuma hapa mjini tangu enzi ambazo jimu ilikuwa ni ua wa nyumba ya mtu na benchi la mbao, na kwa hiyo nina neno moja la kukuambia, ambalo mengine yote nitakayoandika ni tafsiri yake: kifua ndicho kionekanacho kwenye kioo, lakini chuma husukumwa zaidi na vile visivyoonekana, yaani mgongo uliotulia, makombe ya mabega yaliyofungwa, miguu iliyokita, na hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu.

Nianze na mlalo. Ulalapo juu ya benchi, kabla hujakitoa chuma mahali pake, vuta mabega nyuma kisha chini, mpaka makombe yake yakaribiane na kukandamiza ubao, maana hapo ndipo penye msingi wa mikono yako. Kita nyayo zote mbili ardhini, kaza mapaja, uache kiuno kiinuke kidogo huku makalio yakibaki yamegusa benchi. Zungusha kidole gumba kwenye chuma, wala usiige wale wanaokiacha kielee juu ya viganja wazi, kwani chuma kikiteleza hakina pa kuangukia ila juu yako. Vuta pumzi ijae tumboni, ishike, kisha shusha chuma kwa utaratibu mpaka kiguse sehemu ya chini ya kifua, viwiko vikiwa havikubana ubavuni wala havikutanuka sawa na mabega, na mikono chini ya kiganja ikiwa imesimama wima chini ya chuma. Hapo kitulize. Kisha sukuma miguu dhidi ya ardhi na wakati huohuo sukuma chuma juu, kikirudi kidogo kuelekea usawa wa mabega.

Neno hilo la kukituliza ndilo walilosahau vijana wengi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa mwaka 1972, linaamuru kwamba chuma kikifika kifuani kisimame kimya mpaka mwamuzi atoe amri ya kusukuma. Kwamba umbali baina ya vidole vya shahada usizidi sentimita 81. Na kwamba makalio yasiinuke. Mwenye kukidundisha chuma kifuani anajikopesha nguvu asiyokuwa nayo, na nina yakini kwamba katika hizo kilo 90 zako zimo kadhaa za mdundo. Basi kuanzia leo tulia kifuani katika kila seti, hata kama hesabu yako itashuka, kwa maana afadhali kilo 85 za haki kuliko 90 za wasiwasi.

Huenda ukaniuliza iwapo miguu ina faida kweli, kwa kuwa wako mabingwa wasioitumia kabisa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni somo kubwa. Katika michezo ya watu wenye ulemavu, mnyanyuo unaoshindaniwa ni huu wa benchi peke yake, na mchezaji hulala miguu ikiwa imenyooshwa juu ya benchi, pengine imefungwa kwa mkanda. Hivyo ndivyo Hellen Wawira Kariuki, binti wa jirani zetu wa Kenya, alivyopata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022. Na hivyo ndivyo marehemu Siamand Rahman wa Iran alivyosukuma kilo 310 mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Ukiwatazama hao utafahamu kwamba miguu ni muawana, na mgongo ndio nguzo. Wewe uliyejaaliwa vyote viwili usiache kimoja kikae bure, lakini ukikosa kuufunga mgongo, miguu haitakufaa kitu. Kwa ajili hiyo, kwa kila seti ya kusukuma, fanya seti moja ya kuvuta: kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama, au kujivuta kwenye bomba mpaka kidevu kipite.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyokukwamisha. Palikuwa na Mkanada wa Vancouver, Doug Hepburn, aliyezaliwa na kasoro ya mguu, ambaye juu ya hayo alikuwa bingwa wa dunia wa kunyanyua vyuma mwaka 1953, na ahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kusukuma ratili 500, yaani kama kilo 227, kwenye benchi. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuitii: chagua uzito unaoumudu vyema, sukuma seti nane za mara mbilimbili, na kila siku ya zoezi ongeza mara moja tu katika seti moja tu, mpaka seti zote nane ziwe za mara tatutatu, hapo ndipo uongeze uzito, urudi kwenye mbilimbili, uanze upya.

Kwa kadiri ya uwezo wako, anza na kilo 72.5. Jumatatu na Ijumaa fuata kanuni hiyo, ukipumzika dakika tatu au zaidi baina ya seti. Jumatano chukua kilo 55, seti tano za mara tatu, ukikituliza chuma kifuani kwa sekunde mbili, kisha seti chache za mikono iliyokaribiana, ili kuipa nguvu misuli ya nyuma ya mkono, ambayo ndiyo imaliziayo safari ya chuma. Kwa siku mbili nzito kila wiki, mzunguko utakamilika katika wiki nne. Wiki ya tano punguza kazi kuwa nusu, kisha ongeza kilo 2.5. Mizunguko kumi ya namna hiyo yaujaza mwaka, na kwenye karatasi ni kilo 25. Mwili hautii karatasi kila siku, lakini hata nusu yake ni zaidi ya ulichopata miezi yote hiyo kwa kujijaribu kila Jumatatu, kwa sababu kujaribu nguvu ni kuitumia, na wewe unataka kuilimbikiza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ni mji huuhuu, Haruni, uliokuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara ya bara, na mzigo wa mpagazi kwa desturi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Walioupanga hawakuuliza mtu mwenye nguvu aweza kuinua nini siku moja, bali mtu aweza kubeba nini leo na kesho tena mpaka afike. Uzito wa zoezi lako uuchague kwa swali hilohilo.

Yapo na mambo ya vyombo. Umenieleza kwamba baadhi ya vyuma vyenu ni vya saruji, vilivyomiminwa ndani ya makopo ya rangi. Havina aibu, lakini havilingani: juzi tulivipima viwili vya ua wa hapa Dunda kwenye mizani ya muuza mkaa, vyote vimeandikwa 10, tukakuta kimoja kina kilo 9 na nusu na cha pili karibu 11, na kijana aliyekuwa akivitumia alikuwa akilalamikia bega moja tu. Vipimeni vyote, mviandike upya kwa rangi, na panapopunguka jalizieni mchanga katika vifuko vya turubai. Vifuko hivyohivyo vitakufaa kuongeza kilo moja pale mbili na nusu zinapokuwa nyingi. Wala usisukume uzito mzito bila mtu wa kusimama kichwani pako.

Mwezi mtukufu uko karibu. Ukifunga, zoezi liwe baada ya futari na tarawehe, na seti uzipunguze ziwe nusu, lakini uzito usiushushe sana, kwani nguvu iliyokwisha jengwa hudumishwa kwa kazi chache kuliko ile iliyoijenga. Daku usiikose. Kwa mtu wa kilo 75 kama wewe, gramu 120 za protini kwa siku zatosha, nazo hazihitaji kopo la dukani: samaki, dagaa, mayai, kunde na choroko vipo, na mama yako ajua kuvipika.

Ama sindano, nakukataza kama baba yako angalikukataza. Hizo dawa hukifanya kiwiliwili kisahau kuitengeneza homoni yake ya kiume, huongeza shinikizo la damu na huutesa moyo. Na mchezaji akikutwa nazo hufungiwa. Kijana aliyesimama kwenye kilo 90 hana upungufu wa dawa. Ana upungufu wa utaratibu, na utaratibu hauuzwi.

Nunua daftari. Andika tarehe, uzito, seti, na kila mara uliyoiongeza. Na siku ulizoshindwa uziandike pia, maana ndizo zitakazonijulisha pa kukurekebisha. Mizunguko mitatu ikitimia, niletee hilo daftari hapa nyumbani, tulisome pamoja, na katika muda wote huo usijipime upeo hata mara moja. Mungu akupe subira na akulinde.

Wasalaam,
Ndimi mjomba wako