Wachungaji na Mamajusi

Kila Desemba mwinjilisti wa usharika wetu alitunga tarbia ya mkesha wa Krismasi. Kabla hatujaikariri alituhesabisha mizani kwa vidole, magumba yamekunjwa ili vibaki vinane: nane za ukwapi, nane za utao. Mwongozo wake ulikuwa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha 1954 cha Sheikh Kaluta Amri Abedi. Shairi la Krismasi likapimwa kwa sheria za sheikh, na hakuna aliyeona ajabu.

Hadithi yenyewe ilimrahisishia kazi. Wachungaji ni mizani nne, mamajusi nne, malaika nne, Betlehemu nne. Ukiwapanga wawili wawili, kipande kimejaa. Kwetu Walutheri mama wa mtoto ni Mariamu, nne, lakini nafasi ikibaki ya tatu aligeuka Maria, kama kwa jirani zetu Wakatoliki. Krismasi ndiyo iliyoleta ubishi: ile s ya katikati isiyo na irabu ihesabiwe au iachwe?

Vina, kusema kweli, vilikuwa vya bei rahisi. Horini, zizini, mbinguni, duniani: hapo hata asiye mshairi anamaliza beti kumi bila jasho. Utamu ulikuwa kwenye kibwagizo. Kufika ubeti wa pili kanisa lilishakishika, na kina mama wa viti vya nyuma walikipokea kabla hatujavuta pumzi.

Ikaja ngonjera, aliyoieneza Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967. Shuleni tulijibizana kuhusu ujamaa. Mkesha wa Krismasi Yosefu akajibizana na mwenye nyumba ya wageni. Kila upande ulikuwa na kibwagizo chake, na wako walioitikia kwa mwenye nyumba, tena kwa nguvu.

Nikiwa chuo cha ualimu nilisoma Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974, nikarudi likizo na shairi la Krismasi lisilo na vina wala urari wa mizani. Lilisikilizwa kwa adabu, kama tangazo la mazishi ya mtaa wa pili. Watu walikosa pa kuingilia.

Siku hizi mtunzi ni binti wa kwaya ya vijana. Mizani hahesabu, na vina vyake huja vikipenda. Ila kibwagizo anacho, na anakichezea: nafasi hakuna, nafasi ipo, nafasi ni yako. Mwaka jana kina mama walidakia “hakuna” yeye akiwa ameshafika “ipo”. Kanisa likacheka, akalazimika kuwarudishia ubeti mzima.