Mnene Naye Huweza Kuwa na Njaa

Dada yangu mkubwa ameolewa Mbamba Bay. Alipoletwa Mbinga kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu alikuwa na kilo 112. Baada ya upasuaji mawifi walimletea uji mweupe, chai ya rangi na soda, naye alionja tu na kuacha. "Mdogo wangu," aliniambia akicheka, "acha nipungue, Mungu amenipa nafasi." Mimi, muuguzi wa miaka mingi, nilinyamaza. Kusema kweli, nilifurahi.

Siku ya 8 kidonda kikaachia.

Daktari hakutulaumu. Aliuliza tu, "Huyu mama anakula nini?" Niliona haya. Haya mambo nilifundishwa chuoni, lakini unene wake ulinidanganya macho. Mafuta ni akiba ya nguvu, hayajengi nyama mpya. Kidonda hutaka protini, na isipopatikana kwenye sahani mwili huichukua kwenye misuli yake wenyewe. Tena penye mafuta mengi damu hufika kidogo, ndiyo maana kidonda cha mnene hukawia kupona.

Tukapiga hesabu. Hatukutumia zile kilo 112, bali uzito unaofaa kimo chake, kama kilo 60. Kila kilo yahitaji takriban gramu 1.5 za protini, yaani gramu 90 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Sasa fikiria ile chai!

Mawifi walipoelezwa, waligeuka wapishi hodari. Dagaa wa Nyasa wakavu walitwangwa wakatiwa kwenye uji. Asubuhi mayai, mchana samaki, jioni maharage na ugali kiasi, pamoja na mboga za majani na papai. Alikula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na kutembea wodini. Soda tulikataza, maana sukari yake ilikuwa juu. (Mwenye ugonjwa wa figo asiige hesabu hii, amwulize daktari wake.)

Ninaotushangaa ni sisi Wamatengo. Maharage tunalima wenyewe kwenye ngoro, lakini tukienda na akina mama wa kanisani kumwona mgonjwa, tunaona aibu kuyabeba. Tunabeba soda na biskuti.

Kidonda kilifunga baada ya wiki 7, na hapo ndipo daktari alipomruhusu kuanza kupunguza mwili. Juzi ametuma kifurushi cha dagaa kwa basi, na ujumbe kwamba amefika kilo 104, sasa ni zamu yangu kupanda mizani.