Tembo Aliyeshindwa na Mkonga Wake

Ukitaka kumjua vizuri mtu unayetaka kuishi naye, nenda naye supamaketi. Mwangalie anavyosoma bei, anavyochagua, na anavyojaza toroli mshahara ukiwa bado. Hapa Bongo, Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 na Shoprite ndani yake, wapenzi wengi tuliozoea kwa Mangi tulipata mtoko mpya: kusukuma toroli wawili wawili, kiyoyozi kinapuliza, hata kama mnatoka na mkate na juisi tu!

Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake matatu nchini kwa Nakumatt ya Kenya, ile yenye nembo ya tembo. Jina lenyewe limetokana na mji wa Nakuru na magodoro, maana walianza kwa kuuza magodoro huko. Kutoka hapo tembo akatembea Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania, hadi akapita matawi 60. Nani asingevutiwa?

Lakini biashara hii ina siri yake, bwana. Mwenye unga au sabuni analeta mzigo leo, analipwa baada ya wiki kadhaa. Wewe mteja unalipa keshi papo hapo. Katikati hapo duka linashika fedha nyingi ambazo si zake. Ukizifungulia tawi jipya kabla ya kuwalipa wenye mali, watu wanaona unakua, kumbe unadaiwa. Kwa Mangi, mteja ndiye anayeandikwa kwenye daftari. Huku linaandikwa duka.

Mwaka 2017 mambo yakawa hadharani. Wasambazaji waliochoka kudai wakaacha kuleta mizigo, rafu zikabaki tupu, wateja wakahama, wenye majengo nao wakataka kodi yao. Januari 2018 mahakama ikaiweka kampuni chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Wahenga wanasema tembo hashindwi na mkonga wake, lakini huyu ulimshinda.

Kwa nini nakwambia haya kwenye kurasa za mapenzi? Kwa sababu nyumba nyingi za vijana wenzangu zinaendeshwa hivyo hivyo. Sofa ya mkopo, gari la mkopo, halafu sherehe ya ukumbi mkubwa. Kila baada ya muda "tawi" jipya, mashosti na washkaji wanapiga makofi, na ndani ya nyumba mke hajui mume anadaiwa na nani, wala mume hajui ya mkewe. Siku wadai wakigonga mlango, kinachouma zaidi ya deni ni kujua kwamba mwenzio alilijua na akanyamaza.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, wikiendi hii kabla hamjashika toroli, kaeni mezani wewe na mwenzio. Kila mmoja aandike anadaiwa nini, na nani, na atalipa lini. Si maongezi matamu, najua. Ila ni bora rafu zenu ziwe chache na zote ziwe zenu.