Lyman Hall: Kasisi, Tabibu na Gavana

Kuanguka kwa mtu si mwisho wa maisha yake, wala kuinuka kwake si ushahidi kwamba amekamilika. Maisha ya Lyman Hall yanathibitisha yote mawili.

Alizaliwa Wallingford, Connecticut, mwaka 1724. Alihitimu katika chuo cha Yale mwaka 1747, akawekwa kuwa kasisi mwaka 1749. Haikupita miaka miwili, waumini wake wakamshitaki kwa mwenendo mbaya. Alikiri, akatubu, lakini aliondolewa katika kanisa lile. Njia moja ilipofungwa alitafuta nyingine: alijifunza utabibu, akahamia kusini, akakaa Georgia kati ya wakulima wa mpunga wa Midway na Sunbury. Nchi ile ilikuwa ya vinamasi na homa, na tabibu hakukosa kazi.

Mwaka 1775 Georgia ilisitasita kuungana na makoloni mengine kushindana na Uingereza. Watu wa mtaa wa St. John's hawakungoja. Walimtuma Hall Philadelphia na mapipa 160 ya mchele, msaada kwa watu wa Massachusetts waliokuwa katika dhiki. Baraza lilimpokea, lakini kwa kuwa alitumwa na mtaa tu, hakuwa na kura pale kura zilipohesabiwa kwa makoloni. Mwaka uliofuata, akiwa mjumbe wa Georgia nzima, alitia sahihi Tangazo la Uhuru, mmoja wa watu 56. Sahihi ile ilimgharimu: vita vilipofika Sunbury mali yake iliharibiwa, naye akawa mkimbizi kaskazini. Alirudi mwaka 1782. Mwaka 1783 alikuwa gavana, akalihimiza baraza litenge ardhi kwa ajili ya elimu. Mwaka 1785 Chuo Kikuu cha Georgia kikapata hati yake. Alikufa mwaka 1790.

Lakini mchele wa mapipa yale ulitoka katika jasho la nani? Ulilimwa na watumwa, na Hall mwenyewe alimiliki watumwa. Mwaka 1777 mtaa wake ulitiwa katika wilaya iliyoitwa Liberty, maana yake Uhuru; waliozama katika matope ya mashamba yake waliungoja uhuru huo mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1865.

Hapo ndipo penye fundisho. Kosa linaloichukiza jamii hupata mshitaki upesi, na mkosaji hutubu. Kosa linaloinufaisha jamii hukaa mezani kama chakula, kila mtu akala, asiwepo wa kuuliza.