Magazeti ya Kusikiliza Mhunze

Ukikata kona Kolandoto ukashika njia ya Lalago, wauza magazeti unawaacha nyuma. Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, ni mji wa pamba na dengu, na gazeti la leo hulisikia redioni kwanza. Kijiweni kwa bodaboda mtangazaji alisoma kichwa cha habari, akatua, kisha akasema, "Jipatie nakala yako." Vijana wakaangua kicheko. Nakala ipi, saa moja asubuhi?

Mwaka 2017 Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, aliviagiza vituo vya utangazaji visome vichwa tu, visiingie ndani. Kwa mtu wa Dar es Salaam huo ulikuwa usumbufu mdogo. Kwa kijiji cha Kishapu, gazeti lenyewe lilikuwa limeondoka.

"Ng'wanawane, huku hata TANU ilikatazwa," mzee mmoja akaniambia. Kweli. Kati ya 1954 na 1958 wakoloni waliyazuia matawi yake Usukumani. Mwaka 1958 watu wa Geita wakaandamana mpaka Mwanza kulipinga baraza la mseto wa rangi, na mwaka huohuo Nyerere akashtakiwa kwa kashfa: katika *Sauti ya TANU*, kijarida chake, alikuwa amewasema mabwana shauri wawili. Shilingi 3,000 au jela miezi 6. Akalipa.

Hadithi tamu, ila ina sehemu ya pili. Februari 1970 mshtakiwa yuleyule, sasa Rais, alilitaifisha *The Standard* na kuwa mhariri wake mkuu. Aliruhusu gazeti hilo likosoe. Lakini Frene Ginwala, aliyeliendesha, aliondolewa mwaka uliofuata. Sheria ya Magazeti ya 1976 ikampa waziri rungu la kufungia, nalo likatumika hadi kwa *MwanaHalisi* mwaka 2012, chini ya serikali ambayo haikuwa na Nyerere wala Ujamaa.

Marekani nako ndimi zilikuwa mbili. Mwaka 1787 Jefferson aliandika kwamba angechagua magazeti bila serikali kuliko serikali bila magazeti. Mwaka 1807, akiwa Ikulu, akaandika kwamba habari za magazetini haziaminiki tena. Kabla yake Rais Adams alitia saini sheria ya uchochezi ya 1798. Mbunge Matthew Lyon akafungwa kwa maandishi yake, na wapiga kura wa Vermont wakamrudisha bungeni akiwa bado kifungoni. Sheria ile ilikufa 1801. Yetu ilidumu miaka 40, ikapokewa na nyingine ya 2016.

Hiyo ya 2016 aliipitisha bungeni Nape Nnauye. Machi 2017 akapoteza uwaziri, baada ya kushughulikia uvamizi wa kituo cha utangazaji cha Clouds. Februari 2022, akiwa amerudi wizarani, akayarudishia leseni magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa.

Mzee akataka kujua kama waziri mwingine hawezi kuzichukua tena. Nikamwambia sheria ilirekebishwa 2023, lakini leseni bado inatoka serikalini.