Kutoka Kalamu ya Mnukuzi hadi Kamera: Miswada ya Lamu

Kwa vizazi vingi, kuhifadhi maandishi katika visiwa vya Lamu na Pate kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kuyanakili upya kabla karatasi haijaliwa na mchwa au wino haujafifia kwa unyevu wa bahari. Mnukuzi, yaani mtu anayeandika upya kwa mkono wake kitabu cha mwingine, alifunga kazi yake kwa kutaja jina lake, tarehe ya Hijria na ombi la dua kwa msomaji, na njiani hakusita kurekebisha neno lililomwonekea limekosewa, hivi kwamba kila nakala ilikuwa hifadhi na badiliko kwa pamoja.

Hali hiyo ilianza kugeuka pale wanunuzi wa nakala walipotoka mbali. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mwanamuziki na mchongaji milango, aliwanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner na William Hichens wa Uingereza na Ernst Dammann wa Ujerumani, na sehemu kubwa ya kazi hizo imo leo katika maktaba za Ulaya. Si haki kusema kwamba ziliibwa, kwa kuwa ziliagizwa na kulipiwa; hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Lamu aliyetaka kusoma khati ya Kijuma alilazimika kuvuka bahari.

Baada ya uhuru, mtafiti J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake, yaani orodha inayoeleza kila kilichomo, ilichapishwa mwaka 1970. Kanda hizo zina uzito wa pekee, kwani utenzi ni kitu cha kughaniwa kabla ya kuwa kitu cha kusomwa kimyakimya, na karatasi haibebi mahadhi.

Mageuzi makubwa zaidi yamekuja na kamera ya kidijiti. Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, ulikuja na kanuni kwamba mswada wa asili hauondoki katika nchi yake, bali picha ndizo zinazosafiri, na nakala ya picha hizo hubaki pia nyumbani. Chini ya mpango huo ndipo ilipopigwa picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, ambayo mingi ni ya Kiarabu: fikihi, nahau, nyiradi, na vitabu vilivyowekwa wakfu, yaani vilivyotolewa moja kwa moja kwa manufaa ya wanafunzi, visiuzwe wala kurithiwa. Kilichokuwa kikisafiri zamani ni kitabu. Sasa kinachosafiri ni picha yake, na kwa waliokiweka wakfu tofauti hiyo si ndogo.

Picha, lakini, haijisomi. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi moja ya be hubeba sauti za b, p na mb, na alama moja ya kasra, yaani kistari cha chini ya herufi, husimama kwa i na e pia. Kwa hiyo neno lile lile laweza kusomwa bata, pata au mbata, na ni mizani, kina na mazoea ya msomaji vinavyoamua kama shairi linazungumzia ndege, kupata au nazi kavu. Kamera hunasa nukta ya be kwa usafi kuliko jicho, ila haiamui lolote.

Ugumu huo huingia hata katika kutafuta. Shairi refu la kusimulia, ambalo watu wa Lamu huliita utendi, Kiswahili sanifu hulitaja kama utenzi, na kazi ya mshairi Bwana Mwengo ya mwaka 1728 hujulikana kwa wengine kama Utendi wa Tambuka na kwa wengine kama Chuo cha Herekali. Katalogi iliyoandikwa kwa jina moja, bila mtu wa kuongeza la pili, humrudisha mikono mitupu anayetafuta kwa jina la nyumbani kwake, ilhali kitabu kimo humo humo, ukurasa kwa ukurasa.